Laptop iliyozima taa ya chaja: shajara ya matengenezo

Jumatatu mchana

Imeingia laptop ya inchi 14, mtumba wa ofisini, ya mama mwenye duka la steshenari Mbagala. Ndiyo anayochapia watu barua, wasifu na maombi ya mikopo ya wanafunzi. Maelezo yake hapa kaunta: "Fundi, haiwaki. Haina hata dalili."

Hilo la "hata dalili" nimeliandika kwenye karatasi ya kazi kwa sababu lina thamani. Kila mteja husema "haiwaki", na ndani ya neno hilo mna magonjwa yasiyo na undugu. Iko inayowasha taa na kuzungusha feni huku skrini imebaki nyeusi. Iko inayowaka sekunde mbili ikajizima. Iko inayopepesa taa kwa mahesabu, na hiyo inasema yenyewe: idadi ya mipepeso imepangwa na mtengenezaji, mara nyingi kwa ajili ya RAM (kumbukumbu ya muda) au bodi kuu, na maana yake imo kwenye kitabu cha mashine. Hii ya mama haimo kati ya hizo, ni kimya kabisa. Afadhali. Mimi naogopa zaidi ile inayowaka asubuhi na kugoma jioni.

Historia: usiku umeme ulikatika laptop ikiwa kwenye chaja, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi haikuitika. Ilishapita kwa fundi mwingine, ikapigwa hewa moto ya kuyeyushia risasi za bodi, mama akaambiwa bodi imekufa atafute nyingine.

Chaja imeandikwa 19.5 V, 3.34 A, kwa hiyo ni ya wati 65. Upande wa ukutani inapokea kuanzia 100 hadi 240 V, ya kwetu 230 ikiwemo. Katikati ya ncha yake kuna kipini chembamba. Hicho hakiendeshi kitu, kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Kikivunjika, laptop nyingi za namna hii bado zinawaka, ila betri haijai. Kwa hiyo hata kingekuwa kibovu, kisingeweza kuleta ukimya wa aina hii.

Nimeipima tupu: 19.6. Taa yake inawaka vizuri. Nikaichomeka kwenye laptop, taa ikazima papo hapo. Nikachomoa, ikakaa kidogo, ikawaka tena yenyewe. Nikaleta chaja yangu ya mezani: vilevile.

Nusu ya kazi imejisema hapo. Chaja ikikuta mzigo unaozidi uwezo wake hujifunga isiungue. Basi ndani ya laptop kuna shoti, yaani umeme umepata njia ya mkato kwenda graundi (upande hasi wa bodi), na iko kwenye njia ya umeme unaoingia, kabla hata kitufe hakijabonyezwa. Dogo, kijana ninayemfundisha kazi, alikuwa ameshazitoa RAM akitaka kujaribu nyingine. Nikamwambia azirudishe: laini ya RAM hupewa umeme baada ya kitufe kubonyezwa, na sisi hatujafika huko.

Jumatatu jioni

Mama amepiga simu. "Mwanangu, mashine ikifa na ife, mimi nataka mafaili yangu." Nikampa haki yake kwanza.

Nimefungua kifuniko cha chini, nikachomoa soketi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha nikatoa SSD, diski inayotunza mafaili. Ni ile nyembamba ya M.2. Za umbo hilo ziko za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kuzungumza na mashine. Kwa macho zinafanana, lakini kasha la USB la moja linaweza lisiisome nyingine, na dogo ameshawahi kumpigia mteja simu ya msiba kwa diski iliyokuwa nzima. Hii ni SATA. Folda zimefunguka zote, nimezinakili kwenye flashi yake.

Ana bahati diski haikufungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Laptop nyingi za Windows 11 zinakuja zimefungwa bila mwenyewe kujua, na ufunguo unatunzwa kwenye chipu ya usalama iliyo kwenye bodi. Ukimbadilishia mtu bodi nzima, mashine inamdai namba ya tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft aliyofunguliwa dukani na nenosiri lake keshalisahau. Kwa hiyo ule ushauri wa "nunua bodi nyingine" una gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Jumanne

Nimeanza na la bure. Chaja nje, betri imechomolewa, kitufe cha kuwashia kimeshikiliwa sekunde 30. Hii huzindua mashine ambayo chipu inayosimamia kibodi, betri na kitufe imeganda. Haiondoi shoti, na haikuondoa. Nimeifanya kwa sababu mama ana mpwa anayesoma mambo haya YouTube, na lazima ataniuliza.

Betri: kwenye soketi mita inasoma sifuri. Hapa nimemzuia dogo kuandika "betri mbovu". Betri nyingi za laptop zina bodi yao ndogo inayofunga umeme mpaka ihisi imeunganishwa na mashine. Ukiipima ikiwa mezani inaweza kuonyesha sifuri na ni nzima. Nimeiweka kando hadi tuwe na laptop ya kuiuliza.

Bodi imetoka. Kando ya chipu ya chaji kuna flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) nyeusi iliyoungua, na kipande cha plastiki cha soketi ya jirani kimejikunja. Hiyo ndiyo hewa moto niliyoambiwa. Sisemi aliyefanya hivyo hajui kazi. Nasema hakuna namba hata moja iliyoandikwa popote kueleza kwa nini alipiga pale na si kwingine. Sehemu usiyoipima usiipashe moto. Ukiipasha, anayekuja baada yako anashughulikia ugonjwa wa kwanza na wa kwako.

Sasa vipimo. Umeme ukiingia kwenye tundu la chaja unakutana na mosfeti mbili, yaani swichi za kielektroniki, zilizogeuziana migongo, kisha rezista ndogo iliyoandikwa R010, yaani omu 0.01, ambayo chipu ya chaji huitumia kujua ampea ngapi zinapita. Ukishavuka hapo uko kwenye laini kuu ya volti 19. Kila kitu kinalishwa kutoka hiyo: 3.3 V, 5 V, RAM, prosesa. Mosfeti zikiwa nzima na chipu haijaziamuru kufunguka, shoti iliyo ndani huwezi kuiona ukipimia mlangoni.

Mimi nimeiona nikiwa mlangoni. Tundu la chaja kwenda graundi: omu 0.9. Laini kuu kwenda graundi: 0.8. Tofauti hakuna. Nikapima kila mosfeti kutoka dreni hadi sosi, miguu yake miwili ya kupitishia umeme, zote zinasoma karibu sifuri. Zimeungana ndani kwa ndani, zimekuwa waya.

Swali likawa: hizi mosfeti ndizo shoti yenyewe, au kuna kitu nyuma kilichoziua? Jibu lake halihitaji kubahatisha. Nimezitoa zote mbili. Upande wa tundu sasa uko wazi, mita haisomi kitu. Laini kuu bado 0.8.

Mwenye shoti yuko ndani. Nimefunga kazi hapo, macho yamechoka.

Jumatano

Siku ya kumtafuta. Laini kuu inapita bodi nzima, na juu yake kuna kapasita nyingi, vipande vidogo vya kuhifadhi chaji, zimeungwa sambamba. Moja ikipiga shoti, mita inaonyesha zote zimepiga. Kuzitoa moja baada ya nyingine ni kuchosha bodi bure. Njia ni kuingiza umeme mdogo kwenye laini na kuangalia nani anapata joto.

Kabla ya hapo nimepita kwenye koili zote, zile waya zilizoviringwa ambako umeme ulioshushwa hutokea kwenda kwa kila sehemu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, kuhakikisha hakuna mosfeti ya juu iliyoungana kwenye saketi za kushusha umeme. Ikiwa ipo, laini kuu na koili vinakuwa kitu kimoja, na siku ukileta volti 19 zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa au RAM. Hapo bodi imekufa kweli. Nimepima kutoka laini kuu hadi kila koili na kulinganisha na usomaji wa graundi, hakuna iliyoungana.

Ya pili ni kuandika koili za prosesa zinasoma nini. Zimesoma omu 4. Mita inapiga mlio, na nadhani bodi nzima nyingi huzikwa kwenye mlio huo. Mita nyingi hulia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 au 50, na prosesa kwa asili yake ina ukinzani mdogo sana kwenda graundi. Omu 4 pale ni afya. Omu 4 kwenye koili ya 3.3 V ni tatizo. Ndiyo maana namwambia dogo aache kusikiliza mita, asome kioo chake.

Pawasaplai ya mezani nimeiweka volti 1, kikomo ampea 3. Kwa nini volti 1? Kwa sababu hata kama kuna sehemu inavuja ambayo sikuiona, prosesa yenyewe hufanya kazi kwenye volti za karibu na hapo, haitadhurika. Anayeingiza 19 na ampea zote ili "shoti ijionyeshe kwa moshi" ataipata, pamoja na shimo kwenye bodi.

Waya mweusi kwenye graundi, mwekundu kwenye rezista ya R010 upande wa ndani. Inavuta ampea 1.2. Upande wa juu nimepaka alkoholi ya 99%, tukainamia wote wawili na taa ya mezani. Ikakauka sawasawa, taratibu, hakuna aliyekimbia. Nikageuza bodi, nikapaka tena upande wa chini, nyuma ya eneo la prosesa, ambako kapasita nne za rangi ya kahawia zimejipanga mstari. Zilikuwa zimelowa zote, zinang'aa. Halafu ya pili kutoka kushoto ikakauka peke yake, duara dogo kavu katikati ya maji, na wenzake watatu bado wamelowa. Kidole kilithibitisha: ilikuwa ya moto.

Kwa macho haina ufa, haina weusi. Ni punje ya mtama tu iliyokaa mahali pake. Kapasita hizi ni za kauri, na zinaweza kupasuka ndani bila nje kuonekana kitu. Yeyote aliyeitafuta kwa lenzi asingeiona.

Nimeitoa. Laini kuu mita ikaanza kupanda: kilo omu 20, 60, 110, ikaendelea. Kupanda huko ni kapasita nzima zinajaa kwa umeme mdogo wa mita, ndivyo inavyotakiwa. Ile iliyotoka nimeipima mkononi mwa kibano: chini ya omu 1.

Ya kubadilishia nimeitoa kwenye bodi ya skrepa ya laptop ya familia hiyohiyo niliyoinunua zamani Mtaa wa Aggrey. Ni mikrofaradi 10, 25 V, kutoka kwenye laini kuu ileile. Nasisitiza mahali ilipotoka kwa sababu kapasita za kauri hazina maandishi. Iliyo kando ya RAM inaweza kulingana nayo umbo na rangi huku uwezo wake ni 6.3 V. Ukiiweka kwenye volti 19 umetega bomu dogo. Mosfeti mbili nazo nimezitoa kwenye skrepa hiyo, mahali palepale.

Alhamisi

Shoti imeisha, laptop bado haiwaki. Nilitarajia. Umeme uliochoma mosfeti mbili ulipita jirani sana na chipu ya chaji, na chipu hiyo ndiyo iliyokaangwa na hewa moto.

Pawasaplai: 19.5 V, kikomo nusu ampea. Inavuta 0.00. Sifuri kamili ni habari: laptop nzima iliyozimwa huwa inavuta angalau ampea 0.01 au 0.02 kwa ajili ya saketi zisizolala. Hapa hakuna hata anayekesha.

Chipu ni BQ24735, yenye miguu 20. Hiyo ndiyo inayotambua kuwa chaja imechomekwa, ndipo inafungua mosfeti. Nimeihoji kwa utaratibu wake. Umeme wake wa kula: 19, upo. Mguu wa kutambua chaja unatakiwa uzidi 2.4 V: nimesoma 2.6, sawa. Mguu wa REGN, ambako chipu inatengeneza volti 6 za matumizi yake mwenyewe: sifuri. Nikaangalia kama mguu huo una shoti kwenda graundi, maana kapasita yake ikifa nayo ingeleta sifuri. Hauna. Chipu inalishwa, inaona chaja, na haifanyi kazi. Sasa ndiyo nina sababu ya kuwasha mashine ya hewa moto.

Skrepa imechinjwa tena. Nimefunika soketi za jirani kwa tepu ya rangi ya shaba, flaksi ya kutosha, nikaipasha bodi kwanza kwa mbali ili joto lisishtukize upande mmoja. Chipu hii ina bati tumboni linalomwaga joto kwenye graundi, kwa hiyo inachelewa kuachia, na anayeinyanyua kwa nguvu hung'oa nyayo za bodi. Ikiwa tayari inasogea yenyewe ukiigusa. Mpya nikaiweka, ikajivuta ikakaa.

Pawasaplai tena: 0.02. REGN volti 6. Kwenye koili za saketi zisizolala, 3.3 na 5 zote zipo. Dogo akapiga kofi mezani.

Nimepandisha kikomo hadi ampea 3, nikabonyeza kitufe. 0.15, 0.4, feni ikazunguka, 0.6, halafu ikaporomoka hadi 0.02. Kimya. Ikaanza tena yenyewe. Ikaporomoka. "Kaka, imekufa tena," dogo akasema, mkono uko kwenye swichi. Nikamshika mkono. Betri ndogo ya saa, CR2032, tuliichomoa tangu juzi, na mashine iliyosahau kila kitu huanza kwa kuipima RAM upya. Inaweza kujizima na kujiwasha, na skrini ikabaki nyeusi muda unaomtosha mtu kukata tamaa. Tukasubiri. 0.9. Skrini ikawaka, ikilalamika kwamba tarehe si sahihi. Ile CR2032 nilipoipima ilikuwa na volti 2.1 wakati inatakiwa 3, nimeweka nyingine.

Ijumaa

SSD imerudi mahali pake. Windows ikaanza kuzungusha vidoti vyake, kisha skrini ya bluu: haioni diski ya kuwakia. Ni hii hii niliyosoma mafaili yake Jumatatu, kwa hiyo diski ni nzima.

Mipangilio ya BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) imerudi ya kiwandani baada ya kukosa betri ya saa, na ya kiwandani kwenye mashine hii inaweka diski kwenye RAID, njia mojawapo ya bodi kuzungumza na diski. Windows ya mama ilisakinishwa ikiwa kwenye AHCI, njia nyingine, na hainyanyuki ikibadilishiwa njia. Nikarudisha AHCI, nikahifadhi, ikawaka hadi kwenye picha ya wajukuu. Kuna mafundi ambao hapa wangesakinisha Windows upya na kumtoza mama kwa hilo.

Nimesafisha feni, pasti mpya ya prosesa. Ndani ya BIOS chaja inatambulika kuwa ya 65 W, kipini cha katikati kiko salama. Nimeiacha saa kadhaa inacheza video huku inachaji. Kapasita mpya nikiigusa mgongo ni vuguvugu kama zile za jirani, mosfeti hazichomi.

Betri iliyosoma sifuri imeamka ilipochomekwa. Ripoti ya Windows kwa amri ya powercfg inasema ilitoka kiwandani na uwezo wa 55 Wh, sasa inajaa hadi 31. Si ya kutupa. Nimemwandikia mama namba zote mbili ajue.

Jumamosi

Mama amekuja na mpwa. Kweli mpwa kauliza kuhusu sekunde 30. Nimemwonyesha karatasi.

Malipo ni Sh 70,000, na mama akauliza mbona bei hiyo kwa kitu kisichoonekana hata kwa miwani. Nikampa kapasita ile kwenye kipande cha tepu, nikamweleza kwamba hiyo ni kama ya bure, analipia siku za kuitafuta. Akacheka, akalipa 60,000. Ndiyo Kariakoo.

Nimemwambia umeme ukikatika achomoe chaja ukutani, ikae nje mpaka umeme urudi na utulie. Laptop ina betri, itajiendesha yenyewe. Kifaa cha kukata umeme unaozidi ni kizuri, lakini aangalie kile chenye kuchelewesha dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kama vile vya friji. Soketi ndefu ya kawaida yenye taa nyekundu haimlindi na chochote.

Bodi ya skrepa sasa haina chipu ya chaji, mosfeti mbili wala kapasita moja. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu, maana dogo ameanza kuwaambia wateja kwamba tunayo bodi ya akiba ya modeli hiyo.